Mkunga wa Mashine ya Maji na Kifungo cha Nne

Saa moja na dakika kumi asubuhi. Mwanamke mfupi wa miaka arobaini na tisa, mwenye aproni ya mpira inayomfika vifundoni na vikinga masikio vyekundu, anainama juu ya tangi la maji lenye ukubwa wa kitanda cha watu wawili. Hagusi kitu. Anaangalia bati la chuma cha pua lililolazwa juu ya tangi, pembe kwa pembe, kisha anatoa tochi ndogo mfukoni na kumulika chini yake.

Anamulika kwa muda mrefu kuliko inavyoonekana kuna haja. Halafu anarudi kwenye kiti chake, anabonyeza kitufe cha kijani, na mashine inaanza kulia.

Kinachotoka kwenye ncha ya mashine hiyo ni maji na mchanga, basi. Maji yanasukumwa kwa nguvu inayokaribia mara elfu nne ya mgandamizo wa hewa ya kawaida, yanachanganywa na mchanga mwekundu mgumu na kupitishwa kwenye tundu lisilofika upana wa milimita moja. Chuma kinakatika bila kupata moto. Dakika kumi na moja baadaye kuna nyota juu ya bati, na ndani ya nyota majina saba ya familia moja, kuanzia la bibi hadi la mjukuu mwenye wiki sita.

Ni pambo la sikukuu. Litatiwa utepe na kutundikwa sebuleni kwa watu ambao mkataji wake hatawaona kamwe.

Nyota hiyo bado haijaachana na bati. Inashikwa na vipande vitatu vya chuma, kila kimoja chembamba kuliko njiti ya kiberiti, ambavyo mashine imeviruka makusudi ili pambo lisidondoke. Katika karakana hii vipande hivyo huitwa vitovu, na bati huitwa mama. Anachukua koleo dogo, anakata kitovu cha kwanza, cha pili, cha tatu, kisha anasugua makovu kwa tupa hadi kidole kisiyasikie.

"Kazaliwa?" anauliza mchomeleaji anayepita na mtungi wake wa gesi.

"Kazaliwa. Uzito hana, ila sura anayo."

Ndiyo maana kati ya wafanyakazi kumi na wanane wa karakana hii hakuna anayemwita kwa jina lake. Wote wanamwita Mkunga.

Hakuja hapa kukata chuma. Alikuja miaka kumi na minne iliyopita kusafisha, na kazi aliyopewa ni ile ambayo watatu kabla yake waliikimbia: tope la tangi. Mashine inapokata, mchanga uliotumika na unga wa chuma huzama chini na kugandamana kuwa tope la kijivu, zito kama saruji mbichi. Kila Jumamosi maji yalifyonzwa, naye akaingia ndani na viatu vya mpira na beleshi.

Meneja anakadiria alikuwa akitoa kilo mia nne kwa wiki. Alifanya hivyo kwa miaka tisa. Hesabu inafika karibu tani mia moja na themanini, zote zimepita mikononi mwa mtu mmoja ambaye mshahara wake ulikuwa theluthi ya ule wa mwendeshaji mashine. Mgongo wake una maumivu ya kudumu upande wa kushoto. Anayataja kama mtu anayetaja jirani msumbufu: yupo, wameshazoeana.

Kazi yake nyingine ilikuwa mbavu. Hivyo ni vyuma bapa vilivyosimamishwa wima ndani ya tangi, ambavyo bati hulala juu yake. Maji yakishalitoboa bati hayana adabu. Yanazila na mbavu. Baada ya miezi michache zinaota meno kama msumeno uliochoka, na ubavu uliochoka huacha kazi iyumbe. Yeye ndiye aliyejua upi umebakiza wiki mbili na upi ulitakiwa kutoka jana.

"Waliokaa juu walikuwa wanaona kompyuta," anasema. "Mimi nilikuwa naona kinachotokea."

Kompyuta alifundishwa na bintiye, aliyekuwa anasomea uchoraji wa ramani za majengo. Kila Jumapili mchana, vyombo vikishaondolewa mezani, binti alifungua kompyuta aliyoazima chuoni na mama akavuta kiti. Ilichukua miezi kumi na minne.

"Mama aliuliza swali moja mara tano," anakumbuka binti huyo. "Nikadhani haelewi. Kumbe ananipima kama mimi mwenyewe naelewa. Mara mbili alinikuta sielewi."

Miaka mitano iliyopita, wiki moja kabla ya msimu wa mapambo, mwendeshaji mashine aliacha kazi bila kuaga. Oda sitini zilikuwa mezani. Mwanamke wa tope akamwendea meneja na kumwambia kwamba anaweza.

"Nilimpa mashine kwa sababu sikuwa na mtu," anasema meneja. "Sitajisifia jambo ambalo sikulifanya. Ningekuwa na mtu, nisingempa."

Oda sitini zilitoka kwa siku nne. Mwaka jana, katika msimu mmoja, alikata mapambo mia tatu na kumi na mawili. Yaliyorudishwa ni mawili, na yote mawili ni kwa sababu mteja mwenyewe alimsahau shemeji yake.

Anajivuna, na hafichi. Ukimsifu hasemi ni kawaida tu. Anasema ni kweli. Lakini ukimuuliza ni kazi gani anayojivunia kuliko zote, hakuonyeshi nyota wala kengele. Anakusimulia habari za kazi aliyoiharibu.

Wiki tatu kabla ya sikukuu za mwaka jana, seremala mmoja mstaafu aliingia karakanani akiwa amekumbatia kitu kilichoviringishwa kwenye kipande cha pazia. Kilikuwa kibao cha shaba, ile ya rangi ya njano, cha mraba, sentimita ishirini na moja kila upande. Kilikaa miaka thelathini na moja kwenye mlango wa chumba alichoshonea mke wake, aliyekuwa fundi cherehani. Juu yake palichongwa kwa mkono jina la mke huyo, na chini ya jina, maneno mawili: Fundi Nguo. Alikuwa amefariki mwezi wa nne wa mwaka huohuo.

Walikuwa na watoto wanne, na kibao kilikuwa kimoja.

"Hawakugombana," anasema mzee huyo, ambaye sasa ana miaka sabini na sita. "Afadhali wangegombana, ningeamua. Kila mmoja alisema apewe mwenzake. Kibao kikabaki kwangu, kinanitazama."

Alitaka mapambo manne kutoka kibao hichohicho, kila moja na jina la mtoto mmoja, wayakute mezani watakapokusanyika kwa sikukuu. Umbo hakulijua. Mkunga alimuuliza mkewe alipenda nini. Mzee akafikiri, akasema alipenda kushona vifungo, kwa sababu ukifika kwenye vifungo nguo imekwisha.

Basi vikawa vifungo. Vifungo vinne vya duara, kila kimoja upana wa sentimita tisa, na matundu manne katikati pa kupitishia utepe na jina limekatwa kufuata ukingo. Majina yangesomeka upande wa nyuma wa kibao, uliokuwa safi. Upande wa mbele, wenye maandishi ya mama, ungebaki mgongoni mwa vifungo. Kila mtoto angepata robo ya kibao. Wakiwa wote wanne mezani, wakivigeuza na kuvipanga, maandishi ya mlangoni yangesomeka tena.

Nafasi iliyobaki kati ya kifungo na kifungo ilikuwa sentimita moja. Shaba ya kurudia haikuwepo.

Hapo ndipo Mkunga alipokiuka kanuni yake mwenyewe. Kitovu kikikatwa huacha kovu ukingoni, na kovu lazima lisuguliwe. Hakutaka tupa iguse shaba ile. Alihesabu akaona kila kifungo kingelala juu ya mbavu mbili, na kitu kinacholala juu ya mbavu mbili hakina pa kwenda. Akafuta vitovu vyote kwenye mchoro wa kompyuta unaoongoza mashine.

Mzee alikataa kwenda nyumbani. Alikaa kwenye benchi la mapokezi, kofia magotini, akisoma kalenda ya ukutani kama gazeti.

Kifungo cha kwanza kilitoka safi. Cha pili kikatoka safi, na cha tatu pia. Saa tano na dakika ishirini asubuhi, mashine ilipokuwa inafunga duara la kifungo cha nne, cha kitinda mimba, sauti ilibadilika. Watu waliokuwepo wanasema hawakusikia tofauti yoyote. Yeye alisikia, akapiga kitufe chekundu, lakini kifungo kilikuwa kimeshainuka upande mmoja. Kilisimama kidogo kama mtu anayetaka kusema neno, kikapita katikati ya mbavu na kuzama.

Chini yake kulikuwa na maji ya kijivu ya kimo cha nusu mita, na chini ya maji, tope la tani moja na nusu, la wiki nne za oda za msimu.

Alimulika tochi. Ubavu mmoja kati ya mbili alizozihesabia ulikuwa umeliwa hadi nusu. Miaka tisa ya kwanza asingeuacha siku moja zaidi. Miaka iliyofuata hakuwa tena mtu wa mbavu. Palikuwa na mwingine wa kazi hiyo, naye alikuwa hajafika kwenye ubavu ule.

"Wa kulaumiwa si yeye," anasema Mkunga. "Tangu nipande kwenye kiti, nilikuwa nimeacha kuangalia chini."

Meneja alikuja, akaangalia, akatoa ushauri. Anaomba uandikwe kama alivyousema, kwa kuwa hapendi habari zinazomsafisha mtu. Alisema stoo kuna shaba ya unene uleule. Wakate kifungo kingine, nyuma yake wachonge herufi zinazokosekana, wakichakaze kidogo kwa msasa. Mzee hataona.

"Yule ni seremala, bosi," Mkunga alimjibu. "Jicho lake ndilo lililomlisha miaka yote."

Akavua vikinga masikio, akaenda mapokezi. Hakukaa. Wanaokumbuka wanasema alisimama mbele ya benchi na mikono nyuma, kama mwanafunzi.

"Baba, vitatu viko salama. Cha nne kimeniponyoka, kiko chini ya tangi. Kosa ni langu, si la mashine."

Mzee aliuliza kama kimekatika. Alimjibu kwamba hajui. Akauliza chini ya tangi kuna nini. Akamwambia.

"Basi katafute, mwanangu," alisema mzee. "Mimi sina pa kwenda."

Pampu ilichukua dakika hamsini kutoa maji. Mfanyakazi wa usafi alileta beleshi, Mkunga akamrudishia, kwa sababu beleshi lingeichubua shaba. Alikwenda kwenye kabati lake na kutoa mwiko wa mbao uliopinda, aliokuwa akiutumia enzi zake kukwangua pembe za tangi. Ulikuwa umekaa kabatini miaka minne bila kazi. Akavaa viatu vya zamani vya mpira, akang'oa mbavu sita, akaingia.

Wenzake walitegemea aanze pale kifungo kilipozamia. Hakuanza hapo. Alivuka tangi, akapiga magoti kwenye ukuta wa mbali, upande wa bomba la kutolea maji, karibu mita moja na nusu kutoka pale. Mchomeleaji anakiri kwamba alimnong'oneza mwenzake kuwa mama wa watu amechanganyikiwa.

"Kitu bapa hakizami kama jiwe," anaeleza Mkunga, akionyesha kwa kiganja. "Ukitupa sahani kwenye beseni la vyombo, inateleza, inakwenda pembeni. Na mashine ikiwa inakata, maji ya humo ndani yanazunguka, yanasukuma kila kitu kuelekea bombani. Halafu mchanga mwepesi unakuja kufunika."

Hayo hayakuandikwa kwenye kitabu cha mashine. Aliyajua kwa sababu katika miaka tisa, kwenye pembe ileile, aliwahi kuokota sarafu kumi na saba, rula ya chuma, funguo za gari la meneja, na jino moja la bandia ambalo hadi leo mwenyewe hajajitokeza.

Mzee alihama kutoka mapokezi, akaletewa stuli, akakaa hatua tatu kutoka tangini. Mwiko ulizama na kutoka, na tope likawekwa kwenye ndoo, mwiko mmoja mmoja, kila mmoja ukipapaswa kwa vidole vya glavu kabla ya kumwagwa. Ndoo ya kwanza ikajaa. Kwenye ya pili alipata kipande cha alumini chenye umbo la jani, kazi ya msimu uliopita, akakirusha nje bila kukitazama.

Saa nane kasoro dakika kumi, mkono ukiwa ndani hadi kwenye kiwiko, aliacha kusogea. Akauweka mwiko kando. Akaingiza na mkono wa pili.

Kilitoka kikiwa cheusi. Alikiosha kwenye ndoo ya maji safi, akakigeuza, akapitisha kidole ukingoni. Jina lilikuwa zima. Herufi za mama mgongoni zilikuwa nzima. Ila pale ukingoni, kifungo kilipoinuka, maji yalikuwa yamekidonoa: pengo dogo, nusu ya punje ya mchele.

Mzee alivipanga vinne juu ya stuli, mgongo juu, akavizungusha hadi vikakaa inavyotakiwa. Palikuwa na mianya, lakini jina la mkewe lilisomeka, na chini yake maneno mawili. Mkunga akamwonyesha pengo. Akamwambia anaweza kulisugua, litapungua, ingawa halitakwisha.

Mzee alikiinua kifungo cha kitinda mimba hadi karibu na jicho.

"Acha," alisema. "Huyu hata sokoni alikuwa anapotea. Mama yake alimpata mara tatu, na mara zote alimkuta amekaa mahali pamoja, anatusubiri sisi tuliopotea."

Kisha akacheka, peke yake kwanza.

Ukutani, kando ya mashine ya maji, limening'inizwa daftari la jalada gumu. Ni utaratibu wa karakana: anayekosea huandika mwenyewe, kwa mkono wake, kosa na sababu. Hakuna kufuta wala kuandikiwa na mwingine. Ukurasa wa siku ile una mistari miwili. Kosa: nilifuta vitovu, sikukagua mbavu. Sababu: maringo.

Meneja alimwambia neno hilo si la kiufundi. Akamjibu kwamba kama analo la kiufundi zaidi, alete. Limebaki.

Vifungo vilifika mezani kwa wakati. Mtoto wa nne, ambaye ni muuguzi, anasema baba yao hakuwaeleza chochote. Aliwaacha wakae na kila mmoja kifungo chake, hadi kaka yao mkubwa alipokigeuza cha kwake na kuona nusu ya herufi. "Tulivipanga mara nne kabla havijakaa sawa," anasema. "Changu ndicho tulichoanzia, kwa sababu lile pengo lilitufanya tukitazame kwanza. Baba alikuwa anatazama dari." Sasa kila familia inatundika chake kwake mwaka mzima, na vinarudi pamoja sikukuu ikifika.

Tangu siku hiyo hakuna pambo linalotoka kwenye mashine ile bila vitovu vitatu, liwe la shaba au la bati la bei ya chini kabisa, na hakuna bati linalokatwa kabla mbavu hazijamulikwa. Mwiko haurudi tena kabatini. Umetundikwa kwenye msumari uleule wa daftari.

Mwezi ujao karakana inapokea mashine ya pili. Mkunga atasimamia zote mbili, na kwa mara ya kwanza amepewa kuchagua watu wa kufundisha. Maombi yamefika ishirini na matatu. Anataka wawili. Amekwishamwambia meneja mpango wake: kabla ya kugusa kompyuta, wote wawili watashinda tangini, na beleshi, miezi mitatu. Meneja alisema mwezi mmoja unatosha. Wakavutana siku mbili, wakakubaliana wiki kumi, na kila upande unaamini umeshinda.

Mchomeleaji anapita tena, anamtania kwamba akishaona tope hilo hakuna kijana atakayemaliza wiki.

"Watanichukia," Mkunga anakubali, akilaza bati jipya juu ya mbavu. Oda ni kengele, majina manne. "Wanichukie wakiwa chini. Wakipanda juu watakuwa wanajua wamesimama juu ya nini."

Anatoa tochi mfukoni, anainama.